Muhula Mmoja Hauoni Kusi na Kaskazi

Kwenye bandari ya wavuvi niliyoizoea tangu utotoni, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, kuna sanduku la mbao refu kama mtu mzima aliyelala. Juu lina kioo, ndani limepakwa rangi nyeusi, na ubavuni kumeandikwa jina la mradi, mwaka na namba ya simu. Ni kikaushio cha samaki kinachotumia jua. Wanafunzi wanne wa uhandisi wa chuo kimoja walikitengeneza kuwa mradi wao wa mwaka wa mwisho, wakakileta kwa gari la kukodi mwezi wa Januari na kumkabidhi mama mmoja mchuuzi wa ng'onda, yaani samaki wa kukausha, na wale samaki wadogo waitwao simu, wa kukaanga. Nilikuwepo siku hiyo. Walimwamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," naye akawaitikia, "Marahaba wanangu," akawaangulia madafu. Wakamwonyesha feni ndogo inayosukuma hewa, paneli ya sola inayoizungusha, na sensa ya kupima joto na unyevu ambayo ingemletea ujumbe kwenye simu samaki wakishakauka. Baada ya wiki mbili walirudi kuchukua vipimo na kupiga picha, kisha wakaenda zao kuandika ripoti. Walipata alama nzuri, na kwenye maonyesho ya chuo chao mradi ule ulitunukiwa.

Kufikia Juni feni ilikuwa imeganda kwa kutu. Sensa ilikuwa imenyamaza zamani. Nilipomuuliza yule mama kama sanduku limemfaa, alinijibu bila hasira yoyote: "Mwanangu, wakati wa kaskazi mimi naanika mkekani na jua lanitosha. Sanduku hili nililitaka la kusi."

Nimelifikiria jibu lile kwa muda mrefu, na kila ninapohudhuria maonyesho ya wanafunzi wa uhandisi au kusoma habari za tuzo walizopata, linanirudia. Vijana wale hawakuwa wazembe. Hesabu zao za joto zilikuwa sawa, mbao zao ziliungwa vizuri, na walimsikiliza mteja wao kuliko wahandisi wengi wa mishahara ninaowajua. Walichokosa ni muda. Muhula wa chuo huchukua wiki 14 au 15 hivi. Pwani yetu mwaka wake ni pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, jua likiwa kali, bahari tulivu na samaki wengi. Kusi hushika kuanzia Aprili, mvua za masika zikaja nayo, bahari ikachafuka na vyombo vidogo vikabaki nchi kavu. Katika miezi hiyo samaki ni wachache na bei yake iko juu, na kumkausha ni kazi ya kubahatisha baina ya mvua mbili. Mwanafunzi aliyepima sanduku lake Januari alipima wakati ambao hata mkeka ungefaulu. Ili kujua kama chombo chake kina maana alihitaji kukaa hadi Juni, na Juni alikuwa anatafuta kazi Nairobi.

Kuna kosa hapa katika namna tunavyohesabu mafanikio ya vyuo vyetu vya uhandisi. Tunahesabu mradi uliokamilika, kombe, cheti, picha ya vijana wamevaa fulana za rangi moja na waziri katikati. Mimi ningehesabu kitu kimoja tu: siku ya mahafali, nani amebaki na mradi mkononi? Mwanafunzi gani wa mwaka wa nne, anayekaribia mwaka wa mwisho, ameupokea, akajua umeharibikia wapi, na akaahidi kuwepo kusi ikianza? Mradi usio na mrithi ni mtihani. Mtihani una kazi yake, siudharau, lakini tusiuite uvumbuzi na kumwachia mama wa watu ubavuni mwa kibanda chake.

Chumvi nayo inahitaji miezi yake. Hili mtu wa bara huwa halioni mpaka limfike. Hewa ya ufukweni hubeba chembe za chumvi zinazotua juu ya kila kitu, zikavuta unyevu usiku na kula chuma polepole. Ile wanayoiita chuma cha pua ya kawaida, ya daraja la 304, ambayo jikoni Nairobi inang'aa miaka 20, huku hutoa madoadoa ya kutu. Ya daraja la 316 hustahimili zaidi kwa sababu imechanganywa na molibdeni, asilimia 2 hadi 3 hivi, na bei yake ni kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukifunga boliti ya shaba kwenye fremu ya alumini, maji ya chumvi yanageuza maungio hayo kuwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayolika. Haya yote yamo vitabuni, na wanafunzi huyajibu vizuri kwenye karatasi. Lakini kulijibu swali ni jambo moja, na kurudi baada ya miezi sita ukakuta feni uliyoichagua mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa rahisi, imegeuka donge la kutu ni jambo lingine. Somo hilo la pili humfanya mtu awe mhandisi wa pwani, na ratiba zetu hazimpi mwanafunzi nafasi ya kulipata.

Tuangalie mradi wa mwaka wa mwisho unavyokufa. Kwa kawaida wanafunzi wawili au wanne huchagua mada, au hupewa na msimamizi. Vipuri hununua kwa pesa zao, wengi wao wakizunguka maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta moduli ya bei nafuu. Kwa kuwa ni pesa yao, baada ya kuutetea mradi mbele ya jopo huvifungua vipuri na kwenda navyo, au humuuzia mwenzao wa mwaka unaofuata. Ripoti hujalidiwa, ikapigwa muhuri na kuwekwa rafu. Mwaka unaofuata kundi lingine huanza sifuri na mada ileile, kwa sababu hakuna aliyewaambia wenzao walifika wapi. Ndiyo maana tunaona kila mwaka king'ora cha gesi, umwagiliaji unaojiwasha wenyewe, taa za barabarani zinazohesabu magari. Kila kundi huchukua hatua ya kwanza, ile rahisi na yenye kupendeza kwenye picha. Hatua ya pili, ya kutu, ya mteja aliyekasirika, ya betri iliyokufa kwa joto, haimfikii mtu.

Nasema haya nikiishi karibu na ushahidi wa kinyume chake. Ukienda Ngomeni, kilomita 30 hivi kaskazini ya Malindi, na ukasimama ufukweni siku ya anga safi, utaona miguu ya chuma imesimama baharini katika Ghuba ya Ungwana. Watoto wa Malindi tumekua tukiiita San Marco bila kuuliza jina limetoka wapi. Wengi wetu tunajua kwamba Waitaliano walirusha roketi pale. Wachache wanajua kwamba mradi ule ulitoka katika kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu.

Luigi Broglio alikuwa profesa wa uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Yeye na wenzake walikuwa na swali moja: hewa ya juu kabisa, pale setilaiti zinapopita juu ya ikweta, ina uzito kiasi gani, na hubadilika vipi? Ili kulijibu walibuni kifaa cha kupima jinsi hewa hiyo nyembamba inavyoisukuma setilaiti, yaani mizani iliyofichwa ndani ya tufe. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA, shirika la anga la Marekani. Desemba 15, 1964, kikosi cha Waitaliano kilirusha San Marco 1 kutoka Wallops, Marekani, kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Kisha wakaja kwetu. Ikweta ilikuwa na faida mbili: dunia hapa huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huanza safari na kasi hiyo mfukoni, na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, hakuna paa la mtu la kuangukiwa. Aprili 26, 1967 San Marco 2 iliruka kutoka katika ghuba yetu.

Zikafuata nyingine. Kati ya 1967 na 1988 roketi 9 za Scout zilirushwa kutoka pale. Iliyo maarufu zaidi ilibeba setilaiti ya NASA tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, nayo ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuitazama mbingu kwa eksirei peke yake, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Mwanasayansi aliyeiongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mvuvi wa Ngomeni aliyekuwa akivuta jarife siku ile aliuona moto wake.

Hata hivyo, Uhuru siyo inayonigusa zaidi katika hadithi hii. Inayonigusa ni ile mizani. Ilikuwemo mwaka 1964, na ilikuwemo tena katika setilaiti ya mwisho ya San Marco iliyorushwa Machi 25, 1988. Miaka 24, swali lilelile, kifaa kilekile kikirekebishwa na watu waliopokezana. Mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa kwanza Roma wakati San Marco 1 inapaa angeweza kuwa mtu wa makamo anapoisimamia ya mwisho, na wanafunzi wake mwenyewe wamemzunguka. Hakuna aliyeambiwa, "Mada hii imeshafanywa, tafuta nyingine."

Sipambi. Kwa wakazi wa Ngomeni kituo kile kilikuwa uzio. Waliopata kazi ndani walishukuru, na malalamiko kwamba faida inayobaki kijijini ni ndogo yamesikika kwa miaka mingi, nami nayaona ya haki. Kwa sehemu kubwa ya miaka ile, aliyerithi ujuzi alikuwa Roma, na mtoto wa Ngomeni alirithi mandhari. Tangu 2004 kituo kiko chini ya Shirika la Anga la Italia, kikaitwa kwa jina la Broglio, na antena zake za nchi kavu zimeendelea kufuatilia setilaiti na roketi za wengine. Makubaliano mapya baina ya Kenya na Italia yalitiwa saini mwaka 2016, na Kenya ikaunda Shirika lake la Anga za Juu mwaka 2017. Swali la mrithi limekuwa la kwetu sasa.

Na kuna mara moja ambapo tulilijibu vizuri, ingawa mwanzo wake ulikuwa mbali. Mwaka 1999 walimu wawili wa uhandisi huko California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walikuwa wanasumbuliwa na jambo lilelile ninalolilalamikia: setilaiti ya kawaida huchukua miaka mingi kuliko mwanafunzi anavyokaa chuoni. Wakaamua kuipunguza hadi iingie katika umri wa masomo. Wakaweka kipimo, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, usiozidi kilo moja na kidogo. Mchemraba huo, unaojulikana kwa jina la CubeSat, ulibuniwa kwa ajili ya kalenda ya wanafunzi, na leo umeenea duniani kote hadi makampuni makubwa yanautumia.

Chuo Kikuu cha Nairobi kiliomba nafasi katika mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani unaoitwa KiboCUBE, na mwaka 2016 kikawa cha kwanza duniani kuchaguliwa. Setilaiti yao, 1KUNS-PF, ilitengenezwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Roma, kilekile cha Broglio. Ilipelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga Aprili 2018, na tarehe 11 Mei 2018 ikasukumwa nje kutoka chumba cha Kijapani cha Kibo, ikawa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Uhusiano ulioiwezesha ulianzia hapa kwenye tope la mikoko ya Ngomeni, zaidi ya miaka 50 nyuma. Aprili 15, 2023 ikafuata Taifa-1, kubwa kuliko ya kwanza, yenye kamera ya kutazama mashamba na ardhi. Mtu anaweza kubishana kuhusu gharama, na kuhusu kiasi gani cha kazi kilifanywa na mikono ya Wakenya. Ubishi huo ni mzuri. Mimi natazama kwamba ya pili ilikuja baada ya ya kwanza, na kwamba baadhi ya makosa ya ya kwanza yalikuwa yameshalipiwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo kuliko huo. Huko Juja, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, wanafunzi wana mradi wa roketi uitwao Nakuja. Jina lenyewe ni ahadi. Roketi zao wameziita N-1, N-2, N-3, na kazi yao, michoro pamoja na programu, wameiweka wazi mtandaoni ili yeyote aisome. Namba hizo zinanifurahisha kuliko urefu roketi zilioufikia, kwa sababu anayeiita roketi yake N-1 ameshakubali kwamba kutakuwa na N-2 na kwamba huenda asiijenge yeye. Mmoja hushika injini, mwingine parachuti, mwingine mawasiliano. Kila mmoja anaandika ripoti yake ya mwaka wa mwisho kuhusu kipande chake na kupata alama zake halali. Wanapoondoka, chombo kinabaki.

Wahadhiri niliozungumza nao hunijibu kwamba kanuni za mitihani zinataka kila mwanafunzi aonyeshe kazi yake mwenyewe, na kwamba Bodi ya Wahandisi, iliyopewa mamlaka na sheria ya mwaka 2011, haiidhinishi kozi isiyothibitisha hivyo. Ni hoja nzito. Daraja likianguka, hatutaki kusikia kwamba aliyelichora alifaulu kwa mgongo wa wenzake. Lakini mradi wa kurithishana hauondoi kazi ya mtu mmoja, unaiwekea mipaka tu. Kijana anayepewa sanduku la kukaushia lililokufa na kuambiwa atafute kwa nini limekufa, akabuni maungio yasiyolika na kuyapima kwa kusi nzima, amefanya kazi inayopimika kuliko aliyejenga sanduku jipya. Tena ni vigumu kuinunua kazi hiyo kwa mtu wa barabarani, na walimu wanajua kwamba siku hizi miradi mipya mipya inauzwa.

Wengine huniambia kuhusu pesa, na hapo sina ubishi mrefu: wana haki. Chuo kinachomwachia mwanafunzi anunue vipuri vyake hakiwezi kudai vibaki. Kiasi kidogo kikitengwa, vipuri vikawa mali ya karakana, nusu ya tatizo inaondoka siku hiyohiyo.

Hoja inayonitia huzuni ni ya tatu, nayo husemwa kwa sauti ya chini: mwanafunzi hataki kuendeleza cha mwenzake, anataka jina lake liwe la kwanza. Sisi tumemfundisha hivyo. Tuzo zetu zote ni za mwanzo.

Hapo mafundi wa vyombo wana la kutufunza. Nenda Matondoni, kisiwani Lamu, ukatazame jahazi likiundwa. Mwanagenzi hapewi jahazi lake. Anakuta mkuku umeshalazwa na mataruma yamesimama, yeye anapewa pamba na mafuta apige kalafati, azibe nyufa baina ya mbao alizozipiga mwingine. Chombo kikivuja, kimevuja kwenye kazi yake, na bahari itasema. Miaka inapita kabla hajaruhusiwa kuchonga gubeti. Jahazi lililoharibika hurudi pwani kwa fundi yuleyule au kwa mwanafunzi wake, na kwa kulirekebisha hujifunza mbao ipi ilistahimili na ipi iliwahi kuoza. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliweza kuunda FlipFlopi, dau la takriban mita 9 lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndara zilizotupwa, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Mbao za plastiki zilikuwa ngeni kabisa kwao. Mkono uliozichonga haukuwa mgeni, ulikuwa umepokewa kutoka mikono mingine mingi, ndiyo maana uliweza kuzigusa mbao zile na kujua zitapinda wapi.

Pwani tuna mahali pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilitokana na MIOME, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa kuwafundisha Waislamu wa Afrika Mashariki ufundi, ubaharia ukiwemo. Ikawa taasisi ya kiufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, na kupata hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Chuo hicho kina uhandisi wa vyombo vya baharini, na kina kampasi Lamu. Kuanzia Kilindini hadi Lamu kuna mashine za barafu zilizosimama, pampu za maji zilizojaa mchanga na boti zenye mashine kuukuu, na kila kimojawapo kingetosha kulea vizazi vitano vya wanafunzi. Mwezi wa Mei, wanafunzi wengi wanapotoka kwenda atachimenti, yale mafunzo ya kazini, ndipo kusi inapokuwa imeshika. Kalenda, kwa mara moja, iko upande wetu. Vijana wanaotumwa kukaa ofisini wakipiga chapa barua wangeweza kutumwa bandarini na daftari la miradi ya miaka mitatu iliyopita, waende wakaikague, waulize ilipofia, kabla hawajachagua mada zao wenyewe.

Na kwenye maonyesho ningependa kuona meza moja imeongezwa. Iwekwe mwishoni kama hapana nafasi. Pale vikae vitu vilivyokabidhiwa kwa watu miezi 24 iliyopita na bado vinafanya kazi, na mwenye kuvitumia, mvuvi au mkulima au mama wa sokoni, ndiye asimame mbele ya jopo kujibu maswali. Naamini mwaka wa kwanza meza hiyo itakuwa karibu tupu. Iachwe hivyo hivyo ionekane, wala isifunikwe kitambaa.

Nirudi kwa lile sanduku. Mwezi uliopita nilipita bandarini, mvua imekatika kidogo na jua limetoka, nikaona moshi mwembamba wa mvuke unatoka juu ya kibanda cha yule mama. Nilidhani anakaanga. Kumbe fundi mmoja wa mitumbwi, jirani yake, aliling'oa lile feni lililoganda, akatoboa tundu nyuma ya sanduku na kusimamisha bomba la bati refu kuliko mtu, amelipaka rangi nyeusi. Bomba likipata jua, hewa iliyomo hupata moto na kupanda, na inapopanda huvuta hewa nyingine kutoka tundu la chini, ikapita juu ya samaki na kuondoka na maji yake. Hakuna waya wala betri, wala chochote cha kuliwa na chumvi isipokuwa bati lenyewe, ambalo anasema atalibadilisha likitoboka. Kwanza bomba lilikuwa fupi, samaki wakakakamaa nje na kubaki wabichi ndani kwa sababu hewa haikutembea na joto lilizidi. Akalirefusha mara mbili.

Mama alinipa kipande cha ng'onda nionje. Kilikuwa kimekauka sawasawa, hakina mchanga.

Joto la ndani sasa ni nyuzi ngapi, hewa inapita kwa kasi gani, bomba lingekuwa na kipenyo gani ili lifae kwa sanduku kubwa zaidi, hayo hajapima mtu. Namba ya simu ingali pale ubavuni, rangi imefifia lakini inasomeka. Nimeipiga mara tatu na haipatikani. Nilitaka kuwaambia wale vijana wanne kwamba linafanya kazi.